Kufuta Siyo Kuteketeza: Kutoka Majivu ya 1961 Hadi Diski Iliyo Mezani kwa Fundi

Ukipita Tandika jioni ukanunua karanga, usiitupe karatasi kabla hujaisoma. Inaweza kuwa ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto. Inaweza pia kuwa fomu ya ofisi fulani, ina jina la mtu, namba yake ya simu na sahihi yake. Muuza karanga hana kosa, yeye kanunua karatasi za kufungia. Aliyeziuza naye aliona taka tu. Ila mwenye jina hajui kabisa kwamba leo jina lake limefungiwa karanga.

Sasa hebu fikiria karatasi hiyo ina kurasa milioni, na ukiitazama kwa macho huoni hata herufi moja. Hiyo ndiyo diski ya kompyuta iliyotumika. Na hapo ndipo historia yetu inapoanza kunoga.

Waliojua kuteketeza

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Tarehe 3 Mei 1961, miezi saba kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alituma maelekezo kwa watawala wa makoloni yaliyokuwa yanakaribia uhuru. Nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, wanajeshi au watoa habari wao, zisiachwe mikononi mwa serikali mpya. Ama zisafirishwe Uingereza, ama ziharibiwe. Nchini Uganda zoezi hilo liliitwa Operation Legacy, na leo jina hilo hutumika kwa mpango mzima.

Mwanasayansi akisoma maagizo yale lazima ashangae. Kuchoma karatasi peke yake hakukutosha: majivu nayo yavunjwevunjwe, kwa sababu karatasi iliyoungua bila kuvurugwa bado inaweza kusomeka. Kama hakuna pa kuchomea, makasha yatiwe uzito na kuzamishwa baharini, mbali na pwani, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo. Yaani walifikiria mpaka mawimbi!

Lakini zile walizosafirisha hawakuziteketeza. Mwaka 1963 mafaili yapatayo 1,500 ya Kenya yalipelekwa Uingereza. Baadaye yakawekwa Hanslope Park pamoja na ya makoloni mengine, Tanganyika ikiwemo. Yalikaa kimya hadi 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wanadai haki mahakamani London. Hapo serikali ikakiri kwamba mafaili yapo. Juni 2013 ikakubali kutoa jumla ya pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya watu 5,228.

Tunajifunza nini? Kwanza, taarifa ambayo haijaharibiwa ipo, hata kama hakuna anayeiona. Pili, angalia siri zilizolindwa zilikuwa za nani. Zilikuwa za mtawala. Mwenye nguvu alijua kulinda la kwake mpaka majivu. Nyaraka zilizomhusu mwananchi aliyeteswa, ambazo yeye angezihitaji kama ushahidi, ndizo zilizofichwa au kuchomwa.

Kosa la neno "futa"

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa kibiashara, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na mtambo wake ulizidi tani moja. Ilibeba megabaiti 5 tu, labda picha moja ya simu yako ya leo. Kitu cha namna ile hukisahau kwenye begi. Leo diski inaingia mfukoni, na ndani yake zinaingia kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati nzima.

Unapobonyeza "futa", kompyuta haigusi faili lenyewe. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zote zipo palepale, ila hakuna orodha ya kukuelekeza. Kufomati kwa haraka nako ni hivyohivyo, unaandikiwa orodha mpya isiyo na kitu. Programu ya bure ya kurejesha mafaili inazipitia kurasa moja moja, na sura zinarudi.

Watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walilipima jambo hili. Walinunua diski 158 zilizotumika, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo: ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Ndani ya nyingine walikuta barua binafsi, taarifa za afya na maelfu ya namba za kadi za benki. Moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea fedha.

Usidhani hayo ni ya huko mbali. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walikwenda Tema, mji wa bandari nchini Ghana, wakanunua diski sokoni. Moja, ya dola 40, ilikuwa na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani, kuhusu mikataba yake na serikali. Sasa tazama Temeke: Kurasini ipo jirani na bandari, na kompyuta zilizotumika nje huingia nchini kila siku. Kama kampuni ya silaha ilishindwa kusafisha diski yake, shule yako inayouza kompyuta chakavu itakuwaje?

Basi ufanyeje?

Njia ya kwanza ni kuandika juu yake, yaani kuijaza diski nzima sufuri au takataka. Mwaka 1996 Peter Gutmann alipendekeza mipito 35, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Kumbe alikuwa anazungumzia teknolojia za diski za wakati ule, na baadaye mwenyewe akafafanua. Kwa diski ya sumaku ya siku hizi, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unasema mpito mmoja kwa kawaida unatosha.

Kwa zile diski mpya zisizozunguka, SSD, mambo ni tofauti. Zinahamisha data zenyewe kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo ukiandika juu unaweza kuacha mabaki. Tumia amri ya kujisafisha iliyojengwa ndani ya diski yenyewe.

Na diski iliyokufa unayotaka kuirudisha dukani kwa waranti? Hapa wengi tunaingia mkenge. Haiwaki, kwa hiyo huwezi kuifuta, lakini data bado imo, na mwenye vifaa anaweza kuisoma. Dawa yake huanza siku ya kwanza: washa usimbaji fiche, kama BitLocker au FileVault, kabla hujaweka chochote. Bila nywila, atakayeifungua atakuta uji tu. Kama hukufanya hivyo na ndani kuna taarifa za watu, bora usamehe waranti, utoboe sahani zake. Usiichome moto, moshi wake ni sumu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile inazozipa ulinzi wa pekee. Lakini isiwe kisingizio cha kuteketeza kila kitu. Nyaraka za umma haziharibiwi kwa uamuzi wa bosi. Zina sheria yake, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wazee wa Mau Mau ni mashahidi: kuna kufuta kwa kumlinda mtu, na kuna kufuta kwa kumficha aliyemuumiza.

Kwa hiyo kabla diski haijatoka mkononi mwako, jiulize swali moja. Si "nina siri gani humu?" Jiulize, "humu kuna majina ya nani?" Mgonjwa, mwanafunzi, mteja: hao hawatakuwepo mezani kwa fundi kujitetea. Uliyepo ni wewe.