Tarakimu mbili kwenye kisanduku

Katika bonde la Mto Muringato, Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi waliweka vihisi vinavyopima kimo cha maji na kupeleka vipimo kwa mawimbi ya redio. Januari ni vumbi jekundu, Aprili ni mvua. Uhai wa vifaa vya namna hii uko kwenye kisanduku, na sifa ya kisanduku huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili.

Utaratibu huo ulitoka kwa Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoundwa London mwaka 1906. Kiwango chake namba 529 kilichapishwa 1976, kikapigwa chapa ya pili 1989. Leo kinaitwa 60529. Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, ni ya vumbi na vitu vigumu. Ya pili ni ya maji. Iliishia 8 hadi mwaka 2013, ilipoongezwa 9 kwa maji ya moto yanayopigwa kwa shinikizo kubwa.

Kupata 6 ya vumbi si mchezo. Kisanduku hufungiwa kwenye kabati inayorushwa poda ya talki, huku hewa ikinyonywa kutoka ndani ya kisanduku, hata kwa saa 8. Kwa maji, 5 ni mrija wa milimita 6.3 unaomwaga lita 12.5 kwa dakika. 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Hapa wanunuzi wengi hukosea: 7 haimaanishi kuwa kisanduku kimefaulu jaribio la 5. Kinaweza kuvumilia kuzama na kisivumilie maji yanayorushwa kwa mrija.

Mlima Kenya nao una jambo lake. Juu ya Nanyuki, kwenye mita 3,678, kipo kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa 1999. Huko, kama ilivyo Naro Moru, usiku ni baridi kali baada ya jua la mchana. Hewa ndani ya kisanduku husinyaa, ikavuta unyevu kupitia mpira wa mfuniko uliochakaa, na asubuhi matone yamekaa juu ya saketi. Kiwango chenyewe hakipimi unyevu huo, wala kutu, kuvu na wadudu. Kwa maoni yangu, ndipo vifaa vyetu vinapoharibikia zaidi.

Fundi akitoboa tundu ubavuni na kupitisha waya bila glandi, yaani kibano kinachoziba tundu kuzunguka waya, ameshaifuta tarakimu aliyoilipia mteja. Tundu likae chini, glandi ikazwe, na waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondokee nje.