Kiungo bandia kinapolegea: Upasuaji wa marudio wa nyonga na goti

MTU aliyewekewa nyonga au goti bandia hutumai kwamba maumivu yamemwondokea daima. Hata hivyo, chuma na plastiki navyo huchakaa, na baadhi ya wagonjwa hulazimika kupasuliwa tena ili kiungo kilichoharibika kitolewe na kingine kiwekwe. Huo ndio upasuaji wa marudio.

Msingi wa nyonga bandia za kisasa uliwekwa mwaka 1962 na daktari Mwingereza John Charnley, aliyeunganisha tufe la chuma na kikombe cha plastiki ngumu. Viungo hivi hudumu sana. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga 58 na magoti kamili 82 katika kila 100 hufikisha miaka 25 bila kubadilishwa.

Tatizo kubwa ni kulegea. Chembe ndogo za plastiki zinazosagika huuchochea mwili kupambana nazo, na katika mapambano hayo mfupa unaokishika kiungo huliwa. Sababu nyingine ni maambukizi ya viini, kuteguka, na kuvunjika kwa mfupa ulio kando ya chuma.

Wakati mwingine kasoro huwa katika kiungo chenyewe. Mnamo Agosti 2010, kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake za chuma kwa chuma za aina ya ASR, baada ya takwimu kuonyesha kwamba nyingi zilihitaji kubadilishwa mapema mno.

Dalili za kutahadhari ni maumivu mapya kwenye kinena, paja au goti, uvimbe, kuchechemea, na goti kukosa uthabiti. Homa inayoandamana na maumivu ya kiungo hicho, au kidonda kinachotoa usaha, ni jambo la dharura.

Daktari hupima damu, hupiga eksirei na huvuta maji ya kiungo kwa sindano. Mgonjwa anayejinunulia viuavijasumu kabla ya vipimo hivyo huweza kuvificha viini vinavyotafutwa.

Ikiwa kuna maambukizi, mara nyingi upasuaji hufanywa kwa awamu mbili. Kwanza kiungo hutolewa na saruji maalumu yenye dawa huwekwa kwa majuma kadhaa. Viini vikiisha, kiungo kipya huingizwa.

Upasuaji wa marudio huchukua muda mrefu kuliko wa kwanza, na hatari ya kupoteza damu na kuambukizwa huwa kubwa zaidi. Mfupa ulioliwa hujazwa kwa mfupa mwingine au vipande vya chuma.

Kulegea huweza kuendelea kimyakimya, ndiposa ni muhimu kuhudhuria kliniki hata pasipo maumivu. Ni vyema pia mgonjwa ahifadhi stakabadhi zinazoonyesha aina na ukubwa wa kiungo alichowekewa, kwani daktari atakayekitoa atazihitaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni mfupa.