Jina Mumbua: Mvua, Nyanya na Urithi wa Wanawake Machakos

Mumbua ni miongoni mwa majina ya kike yaliyoenea sana Machakos na Ukambani kwa jumla. Asili yake haina utata: mbua kwa Kikamba ni mvua, hivyo Mumbua ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, kama Wambua alivyo mvulana wa wakati huohuo. Hoja ya makala haya ni kwamba ufafanuzi huo unamfaa zaidi mwenye jina wa kwanza. Kwa waliomfuata, Mumbua hueleza nasaba kuliko hali ya hewa.

Mazingira ndiyo yaliyolipa jina hili uzito. Sehemu kubwa ya Machakos ni kame, na mvua hutazamiwa mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Zisiponyesha, mahindi na kunde hukauka shambani. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 ingali inakumbukwa Ukambani kwa jina la Ngomanisye. Kutokana na neno yua, yaani njaa, likapatikana jina Wayua. Jamii iliyompa binti mmoja jina la mvua na mwingine jina la njaa ilikuwa ikiweka kumbukumbu zake katika watu.

Hata hivyo, mwanahistoria atakayehesabu akina Mumbua na akina Wayua katika daftari la ubatizo ili ajue miaka ya neema na ya ukame atapotoka. Kwa desturi ya Wakamba, binti wa kwanza hurithi jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Mumbua wa leo basi huenda alizaliwa kiangazi, jua likiwaka.

Mamlaka ya kutaja jina nayo yana maana. John Mbiti, msomi mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Wakamba humpa mtoto jina siku ya tatu, na wanaolitoa ni wanawake waliokwisha kuzaa. Baba humvisha mtoto mkufu siku inayofuata.

Yupo atakayesema kwamba jina likirithiwa hupoteza maana. La hasha, hupata maana ya pili juu ya ile ya kwanza. Tatizo liko kwenye hati za kiserikali: Wambua hugeuka jina la familia nzima, wake kwa waume, ilhali Mumbua hubaki katikati, kati ya jina la ubatizo na la baba, na mara nyingi hufupishwa kuwa herufi moja. Watafiti wa majina ya Ukambani wasiishie kuuliza mtoto alizaliwa majira gani. Waulize pia amerithi jina la nani.