Ugumu wa Maji na Mawe ya Tangi la Samaki

Ugumu wa maji ni kipimo cha madini mawili yaliyoyeyuka majini: kalsiamu na magnesiamu. Anayeikuta istilahi hii mara ya kwanza ana haki ya kushangaa, maana maji hayana ugumu wa kushikika. Anayeujua vizuri ni mfuaji. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo huganda ikawa utando wa kijivu, povu likakataa kutoka. Kinyume chake ni maji laini, ambayo hutoa povu kwa sabuni kidogo tu.

Kiswahili kina desturi ya kuyapa maji sifa zisizochukuliwa kama zilivyo. Samaki wa maji baridi huweza kuishi kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, kwa kuwa ubaridi huo ni kukosa chumvi ya bahari. Kinachoisumbua istilahi ya ugumu ni majirani zake wawili wa zamani, maji ya chumvi na maji ya magadi, ambayo wengi huyachanganya nayo. Chumvi huitambua ulimi. Magadi ni kaboneti za sodiamu, na huyafanya maji yateleze vidoleni. Ziwa Natron limejaa magadi, lakini ugumu wake ni mdogo, kwani kaboneti zikizidi huikamata kalsiamu na kuituamisha chini. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa makali yasiwe magumu, na yanaweza kuwa magumu yasiwe na ladha ya chumvi.

Kwa mfugaji wa samaki, ugumu huo mara nyingi hutoka kwenye jiwe. Mawe ya chokaa, marumaru na matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, na huyeyuka polepole majini. Graniti, kama ile ya miamba ya Mwanza, haiongezi ugumu wa kuhesabika. Ili kuyatofautisha, kwaruza jiwe kwa msumari upate sehemu mpya, kisha dondoshea siki. Likichemka vipovu, hiyo ni gesi ya kabonidayoksaidi, na jiwe lina kaboneti. Siki ni asidi dhaifu, hivyo angalia kwa makini; mawe mengine hutoa vipovu vichache tu, tena baada ya kusagwa kuwa unga.

Kuna mawe ambayo hayahitaji kipimo, yaachwe yalipo. Lenye mng'ao wa chuma au dhahabu bandia huweza kuwa na salfaidi, ambayo huoza na kutia asidi majini. Lenye mishipa ya kijani kibichi huweza kuwa na shaba. Malakaiti ya Katanga, jiwe la kijani lenye shaba, hupendeza shingoni kama shanga, lakini shaba huwaua konokono na kamba hata ikiwa kidogo. Epuka pia mawe ya kando ya barabara, gereji na mashamba yanayopigwa dawa. Matumbawe yasivunjwe kwenye miamba ya bahari: ni makazi ya viumbe hai, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Jiwe lililofaulu lisuguliwe kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, kisha lilowekwe kwenye ndoo kwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Usilichemshe sufuriani wala kulioka: maji yaliyonaswa kwenye vitundu na nyufa hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo. Ukitumia jiki kuua vimelea, suuza sana, na kamwe usiichanganye na siki, kwa sababu hutoka gesi ya klorini yenye sumu.

Kabla ya kuliingiza tangini, liache wiki moja kwenye ndoo, na pembeni weka ndoo nyingine ya maji hayohayo bila jiwe. Chota chupa moja kila ndoo, tia vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Povu likipungua upande wa jiwe, ugumu umeongezeka. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili, kwa sababu imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu.

Matokeo hayo hayasemi kwamba jiwe ni baya. Samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus wanaokwangua mwani maweni, wamezoea maji yasiyo na asidi, yenye pH inayokaribia 9, na jiwe la chokaa huwasaidia, kwa kuwa kaboneti yake hupunguza asidi. Neon tetra wa mito ya Amazon wamezoea maji laini yenye asidi kidogo, na jiwe hilohilo litawadhoofisha. Amua kwanza utafuga samaki gani, ndipo uokote mawe.