Matangazo ya Farasi Dume katika Bonde la Mto Hunter, New South Wales, Karne ya 19

Wanahistoria wa makoloni wamezoea kuanza na hati za serikali: barua za magavana, sheria, hesabu za forodha. Gazeti hulifikia baadaye, na wakilifikia huuruka ukurasa wa matangazo ili wapate habari za vita na siasa. Makala haya yanafanya kinyume. Yanachukua tangazo moja dogo na la kawaida mno, yaani tangazo la farasi dume anayetolewa kwa ada ili apande majike ya wafugaji wengine, na kulichunguza katika wilaya moja ya walowezi: Bonde la Mto Hunter, kaskazini ya mji wa Sydney, Australia. Hoja yetu ni kwamba tangazo hilo lilikuwa daftari la nasaba. Tukiliweka kando ya kumbukumbu za mahakama za koloni lile lile, tunaona ni nani aliyehesabiwa kuwa na ukoo na nani hakuhesabiwa.

Huenda msomaji wa Katanga akauliza farasi wanamhusu nini. Kwetu farasi amekuwa neno zaidi kuliko mnyama. Mbung'o na maradhi anayoyaeneza yamemzuia kustawi katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati, na jina lake lenyewe Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu kwa njia ya pwani. Australia hakuna mbung'o, lakini hapakuwa na farasi pia hadi mwaka 1788, Waingereza walipofika kuanzisha koloni la wafungwa. Njiani walisimama kwenye Rasi ya Tumaini Jema wakanunua farasi 7. Kwa hiyo farasi wa kwanza wa New South Wales walitoka Afrika, jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa sentensi moja tu. Baadaye waliletwa wengine kutoka Uingereza, farasi wadogo kutoka kisiwa cha Timor, na farasi wa Kiarabu kwa njia ya Uhindi, ambako wafanyabiashara wa Ghuba walikuwa wakiwauza katika bandari ya Bombay.

Mahali palipo na majike mengi na madume bora machache, dume huwa mali ya kukodishwa. Asiye na uwezo wa kununua dume aliyevuka bahari aliweza kulipia kazi yake ya siku moja. Lakini ilimpasa ajue dume huyo yuko wapi, ni wa nani, na ada yake ni kiasi gani. Hapo ndipo gazeti lilipoingia. *Sydney Gazette*, gazeti la kwanza la koloni, lilianza Machi 1803 chini ya mpiga chapa George Howe, aliyekuwa mfungwa. Bonde la Hunter lilipata lake Januari 1843, katika mji wa Maitland, nalo liliitwa *The Maitland Mercury and Hunter River General Advertiser*. Msomaji azingatie sehemu ya mwisho ya jina hilo: gazeti lilijitambulisha tangu siku ya kwanza kuwa mtangazaji wa jumla wa wilaya.

Tangazo la farasi dume lilikuwa na utaratibu wake, nao haukubadilika sana kwa miongo mingi. Juu paliwekwa mchoro mdogo wa farasi akishikwa na saisi. Mchoro huo ulichongwa katika kipande cha mbao na kutumika tena na tena, kwa hiyo farasi wawili wenye sifa tofauti kabisa waliweza kuonekana na sura moja. Chini yake lilikuja jina la dume kwa herufi kubwa, rangi yake, umri wake, na kimo chake kwa viganja, kipimo cha Kiingereza ambacho kila kimoja ni karibu sentimeta 10. Kisha zikafuata sifa: nguvu za mifupa, upole wa tabia, ushindi katika mashindano kama alikuwa wa mbio, uvumilivu wa plau na mkokoteni kama alikuwa wa shamba. Mwenye dume hakusahau kutaja kwamba watoto wake tayari wanaonekana wilayani, maana huo ndio ushahidi ambao jirani angeweza kwenda kuutazama kwa macho yake.

Kiini cha tangazo, hata hivyo, kilikuwa nasaba. Dume fulani ni mwana wa fulani, mama yake ni binti wa fulani, bibi yake ni binti wa fulani, na kuendelea hivyo mpaka tangazo lifike kwa farasi wa Uingereza ambaye kila mfugaji alimjua kwa jina. Anayeijua *kasala* ya Waluba, ambamo mtu husifiwa kwa kutajiwa wazee wake, hatashangazwa na mwendo huo wa maneno. Tofauti ni kwamba *kasala* humkumbusha msifiwa wajibu alioachiwa, ilhali nasaba ya farasi ilihalalisha ada.

Na ada yenyewe? Ilitajwa kwa pauni au kwa gini, ambayo ni shilingi 21, pamoja na shilingi chache za saisi zilizoandikwa peke yake. Kwa kawaida ada ililipwa kabla jike hajaondolewa malishoni. Mwenye dume aliahidi majani mazuri, maji na uangalizi, kisha akaongeza mara moja kwamba hatawajibika kwa ajali wala kwa jike atakayetoroka. Wanasheria wetu watalitambua sharti hilo bila taabu.

Si kila dume alikaa mahali pamoja. Wengine walitembezwa. Tangazo liliandika ratiba ya juma: siku hii katika nyumba fulani ya wageni, siku ile kwenye kivuko, Jumamosi mjini. Saisi alimwongoza dume barabarani kutoka shamba hadi shamba kuanzia majira ya kuchipua, ambayo huko ni karibu Septemba, hadi kiangazi kilipoanza. Kwa kuwa jike hubeba mimba miezi 11, watoto walizaliwa mwaka uliofuata wakati majani yakichipua tena. Jina la saisi ni nadra kuandikwa. Kabla ya usafirishaji wa wafungwa kwenda New South Wales kusitishwa mwaka 1840, kazi nyingi za mashamba, pamoja na za mazizi, zilifanywa na wafungwa waliogawiwa walowezi bila mshahara.

Ni nani aliyehitaji farasi wote hao? Mkulima aliwahitaji kwa kulima na kubeba mazao, mchungaji kwa kufuata ng'ombe katika mbuga zisizo na ua. Jeshi la Uhindi liliwanunua pia, biashara iliyokua kuanzia miaka ya 1840 hata farasi hao wakapewa huko jina la *Waler*, kwa kukatwa jina la koloni lao. Dhahabu ilipopatikana mwaka 1851, bei zilipanda kwa sababu ya misafara ya machimboni. Lakini mnunuzi mmoja hutajwa mara chache katika historia za ufugaji, naye ni dola lenyewe. Mwaka 1825 koloni liliunda polisi wa farasi kutokana na askari wa jeshi, baada ya vita na wenyeji wa sehemu za Bathurst. Mwaka 1826 polisi hao walikuwa katika Bonde la Hunter, nchi ya Wawonnarua, na mwaka 1827 afisa wao, Luteni Nathaniel Lowe, alishtakiwa kwa kumwua mfungwa mwenyeji aliyejulikana kwa jina la Jackey Jackey. Aliachiliwa.

Ardhi ya bonde ilikuwa imekwisha kugawanywa. Henry Dangar aliipima kuanzia mwaka 1822 na kuchapisha ramani na orodha ya wamiliki mwaka 1828. Yeye mwenyewe alijipatia shamba la Neotsfield karibu na Singleton, ambalo ukoo wake ulilifanya baadaye kuwa makao mashuhuri ya farasi wa mbio. Kaskazini zaidi, nje ya bonde, alikuwa na malisho ya Myall Creek. Huko, tarehe 10 Juni 1838, wanaume 12 waliopanda farasi waliwaua Wawirrayaraay wapatao 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliokuwa wakiishi kwa amani kando ya nyumba za malisho. Miili ilichomwa moto. Msimamizi wa Dangar, William Hobbs, alitoa taarifa; baadaye Dangar alimwondoa kazini.

Watu 11, wote wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa, walifikishwa mahakamani Sydney mwezi wa Novemba. Wa 12, John Fleming, mlowezi huru aliyewaongoza, alikimbia kwa farasi na hakuhukumiwa kamwe. Kesi ya kwanza ilihusu kifo cha mzee ambaye Wazungu walimwita Daddy. Utata mkubwa ulikuwa utambulisho wake: je, mabaki yale yaliyoungua yalikuwa yake kweli? Mwenyeji aliyeshuhudia mambo hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mtu awezaye kula kiapo cha Kikristo. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia wote 11. Katika kesi ya pili, iliyohusu kuuawa kwa mtoto, 7 walipatikana na hatia, nao walinyongwa tarehe 18 Desemba 1838.

Novemba ni katikati ya msimu wa kupandisha farasi. Katika koloni ambamo mwenye dume aliweza kuchapisha majina ya mababu wanne au watano wa mnyama wake na kuaminiwa, mahakama haikuweza kuthibitisha jina moja la mzee mmoja. Sidhani kwamba jambo hili laelezwa vya kutosha kwa kusema walowezi walikuwa wakatili; wengine hawakuwa, na Hobbs ni mfano. Nasaba huandikwa pale ambapo kuna mali inayoidai. Damu ya farasi ilikuwa na bei, kwa hiyo ilitunzwa kwa maandishi. Ukoo wa Wawirrayaraay, kama ungeandikwa, ungekuwa hati ya kumiliki ardhi ambayo Dangar na wenzake walikuwa wameshaigawana kwenye ramani.

Wala haikuwa kwamba wenyeji hao hawakuwa na elimu ya nasaba. Wawirrayaraay ni sehemu ya Wagamilaraay, ambao kila mmoja wao aliingia tangu kuzaliwa katika mojawapo ya mafungu manne. Mafungu hayo yalikuwa na majina tofauti kwa wanaume na kwa wanawake, na yaliamua nani aoane na nani. Mtoto alipata fungu lake kwa kufuata la mama yake, naye alirithi jina la mnyama wa ukoo kutoka kwa mama.

Matangazo ya magazeti hatimaye yalipata mrithi. Uingereza ilikuwa na kitabu cha nasaba za farasi tangu mwaka 1791. Australia ilichapisha juzuu la kwanza la *Australian Stud Book*, kazi ya William Yuille, mwaka 1878. Humo farasi hupangwa kwa mama zao: jina la jike kwanza, kisha watoto wake mwaka kwa mwaka pamoja na dume aliyewazaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1880, Lorimer Fison na A. W. Howitt walichapisha *Kamilaroi and Kurnai*, ambamo mafungu manne ya Wagamilaraay yalielezwa kwa wasomaji wa Ulaya, nayo pia kwa kufuata ukoo wa mama.