Kuongeza diski kwenye seva ya kukodi: mwongozo kwa mawakala na wasafirishaji wa Kasese na Mpondwe

Seva ya kukodi, ambayo wengi huiita VPS, ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyo kwenye kituo cha data cha mbali. Mteja huilipia kila mwezi na kuitumia kutoka popote, awe Maliba akinunua kahawa au Bwera akisubiri lori livuke kwenda Kasindi. Vifurushi vya bei nafuu huja na diski ndogo, mara nyingi 25 hadi 50 GB.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme ofisi ya wakala inashughulikia mizigo 10 kwa siku, kila mzigo una kurasa 15 za ankara, orodha ya bidhaa na matamko ya forodha, na kila ukurasa ulioskaniwa ni 1 MB. Kwa siku 300 za kazi hizo ni 45 GB. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Uganda ya mwaka 2014 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kinachohusika, kwa hiyo kufuta za mwaka juzi si dawa.

Diski ikijaa, hifadhidata hukataa kuandika. Dereva amesimama Mpondwe anasubiri hati, na aliye ofisini hawezi kuipandisha. Kabla ya kulipa chochote, fundi aangalie kwa amri ya df -h ni diski ipi imejaa, kisha atumie du kujua folda ipi inakula nafasi. Wakati mwingine si hati kabisa, ni faili za kumbukumbu za seva yenyewe ambazo hakuna aliyewahi kuzisafisha.

Ikiwa ni hati kweli, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia kifurushi kikubwa, lakini hapo mteja hulipia pia prosesa na memori asizozihitaji, na diski ikishakuzwa mara nyingi hairudi kuwa ndogo. Ya pili ni kuunganisha diski ya ziada, nayo ndiyo inayofaa kwa skani. Diski hiyo lazima iwe katika kituo kilekile cha data kilicho na seva.

Wengi hukwama hapa: diski imelipiwa, lakini nafasi haijaongezeka. Diski mpya huja tupu. Kwenye Linux huonekana kwa amri ya lsblk, kwa jina kama sdb au vdb. Huandaliwa kwa mkfs.ext4, kisha hupachikwa kwenye folda kwa mount. Amri ya mkfs hufuta kila kitu, hivyo jina la diski lisomwe mara mbili. Programu ya ofisi isimamishwe, hati zinakiliwe kwa rsync, na za zamani zisifutwe mpaka nakala zimehakikiwa.

Hatua inayosahaulika zaidi ni kuandika diski hiyo kwenye faili ya /etc/fstab, kwa namba yake ya UUID, maana jina kama vdb linaweza kubadilika. Bila mstari huo kila kitu huenda sawa hadi seva izimwe na kuwashwa. Folda inafunguka ikiwa tupu, ofisi inadhani hati zimepotea, inaanza kupandisha mpya, nazo zinaingia kwenye diski ile ya zamani iliyojaa. Diski ikipachikwa tena, za zamani zinarudi na zile mpya zinafichika chini yake. Heri kuiwasha upya seva siku hiyohiyo, jioni, kazi zikiwa zimeisha, na kuona kama folda iko sawa.

Jingine: nakala rudufu za seva zinazouzwa na DigitalOcean na Linode hazijumuishi diski ya ziada. Kwa hiyo nakala ya hati hupangwa peke yake, mahali pengine, hata kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini ofisini Kasese.