Kiganja cha Matondoni, Sindano ya Leicester

Haya, leo tuweke programu pembeni, twende Lamu. Swali: uso wa kitu ni laini kiasi gani, na nani aseme?

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu, jibu lilikuwa kiganjani. Fundi anachonga kwa tezo, anapapasa, anachonga tena. Mbao zikapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na sehemu ya chini ikapakwa deheni, yaani chokaa na shahamu, kuzuia minyoo wa baharini. Namba hakuna.

Mwaka 1941 James Hornell alichapisha makala kuhusu mtepe na dau za visiwa vya Lamu. Makala inaweza kueleza umbo la chombo. Ulaini aliouridhia fundi ulibaki mkononi mwake.

Mwaka huohuo, kule Leicester, Uingereza, kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson ilitoa Talysurf, mashine ya Richard Reason. Sindano ya almasi inapita juu ya chuma, inapanda na kushuka, na mwendo wake unakuzwa kwa umeme. Basi kiwanda na mnunuzi wakaweza kubishana kwa namba.

Namba maarufu leo ni Ra, wastani wa vilima na mabonde. Waandika programu wenzangu mnajua wastani unavyodanganya! Uso wenye vilima vikali na uso wenye vishimo vinaweza kupata Ra moja, ilhali mmoja unakwangua na mwingine unatunza mafuta ya kulainisha.

Turudi kwa papa. Fundi wa Lamu alichukua ini. Wahandisi walichukua ngozi, maana magamba yake yana vifereji vinavyopunguza msuguano wa maji. Mashua ya Stars & Stripes ilivalishwa plastiki yenye vifereji hivyo iliposhinda America's Cup mwaka 1987. Mwaka 2022 shirika la SWISS lilianza kuvisha ndege zake za Boeing 777 ngozi ya AeroSHARK, vifereji vya takriban mikromita 50, kuokoa mafuta kama asilimia 1. Ncha zikiwa butu, faida inapungua, kwa hiyo lazima zipimwe. Lakini sindano hukwaruza plastiki, na haifiki kwenye kona nyembamba. Hapo hutumika mwanga, au darubini ya nguvu za atomu waliyoibuni Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986.

Na kile kiganja? Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa kidole cha binadamu kinatambua mikunjo ya kimo cha nanomita 13 hivi. Mikromita 1 ni nanomita 1,000. Piga hesabu mwenyewe.